Keep, Kept na Kidari cha Baba

Katika vitenzi vyote vya Kiingereza, ninachokichukia ni keep. Nimekifundisha kwa miaka, katika chumba nilichopanga nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi pale Sekei, kwa watu wanaotaka kuwa wapagazi wa mlimani, madereva wa watalii au wahudumu wa hoteli. Wanakuja jioni wamechoka, wengine bado wana vumbi la kazi kwenye viatu, nami nawaandikia ubaoni: keep, kept, kept. Hapo huwa wanafurahi, maana wametoka kuteswa na go, went, gone, na wanaona huyu wa leo ni mpole. Nawaacha wafurahi kidogo.

Halafu naanza kuwavuruga. Mtu anayefuga kuku, keep. Anayetunza bustani, keep. Anayekushikia nafasi kwenye foleni, anayetimiza ahadi, anayeficha siri, anayebaki na chenji yako, anayeendelea kuongea wakati umemwambia anyamaze, wote hao ni keep, na hata huko kumwambia anyamaze ni keep vilevile. Siku moja mama mmoja wa Sokon One, anayeuza chakula na aliyetaka Kiingereza cha kuwahudumia wageni, aliweka kalamu mezani akaniangalia kama vile mimi ndiye niliyeitunga lugha hiyo.

"Mwalimu," akasema, "yaani hawa wenzetu kuku na siri wanavifungia banda moja?"

Darasa zima lilicheka, na mimi nilicheka. Kisha dereva mmoja akauliza kutoka nyuma, "Na mtu akizuiwa asiondoke, ticha?" Nikamwambia ni hicho hicho. Nikageuka kuandika mfano: They kept him at home. Nilipomaliza nilibaki nimesimama na chaki mkononi, nikiisoma ile sentensi, hadi mtu akakohoa.

Mimi ni kitinda mimba. Kwetu juu huko, kwenye migomba ya mteremko wa Meru, neno hilo ni kama cheo na ni kama kifungo. Kaka wakubwa hukatiwa vipande vyao vya shamba, dada huolewa, na mtoto wa mwisho wa kiume hubaki na nyumba ya wazazi, kahawa, ng'ombe, kaburi la baba na mama mwenyewe. Watu wakisikia nimeachiwa nyumba husema nina bahati. Nawaambia waje wakae humo wiki moja msimu wa matope, wakate majani ya ng'ombe kabla hakujapambazuka vizuri, washuke Sekei kwa bodaboda wakiwa wamelowa hadi magotini, wafundishe watu namna ya kuondoka, kisha wapande tena kurudi palepale.

Maana hiyo ndiyo kazi yangu, nikiitazama bila kujidanganya. Wanafunzi wangu wanaondoka. Mmoja yuko kwenye hoteli huko mbugani, mwingine ameenda na wageni hadi nchi ambazo mimi nazijua kwenye ramani tu. Wananipigia simu kunisalimia na Kiingereza chao kimenyooka kuliko changu. Nafurahi, na nikikata simu nakasirika, na sijui nimkasirikie nani.

Tulikuwa tunaishi wawili tu, mimi na mama. Mke sina, na jambo hilo lina vikao vyake, tuliache. Mama ni mtu wa maneno machache, na magoti yake hayapatani kabisa na baridi ya mlimani. Msimu wa ukungu huwa anatembea akishika kuta. Ile nyumba hakuwahi kuiita yake wala yangu. Hata baada ya baba kufariki aliendelea kuiita kwa baba yenu. Geti la kwa baba yenu limelegea. Paa la kwa baba yenu linavuja. Mimi ndiye niliyekuwa napanda kuziba, lakini paa lilikuwa la marehemu.

Mwaka juzi, kabla ya Krismasi, chuo kimoja cha mafunzo ya hoteli kule Mwanza kiliniita nikafundishe. Kazi ya kudumu, nyumba ya chuo, na wanafunzi wanaokuja asubuhi wakiwa wamelala usingizi wa kutosha. Walitaka jibu kabla ya mwaka mpya. Sikulala vizuri tena. Nilitaka kwenda kama mtu mwenye kiu anavyotaka maji, nasema hivyo bila aibu, na wakati huohuo kila nilipomwona mama akishika ukuta, nilijiona mwizi.

Nikaamua kuliweka mbele ya familia. Krismasi ndugu wote hupanda nyumbani: kaka mkubwa kutoka Dar es Salaam, kaka wa pili kutoka Tanga, dada kutoka Dodoma, na baba mkubwa, kaka yake baba, ambaye nyumba yake iko ng'ambo ya mfereji. Ningesema baada ya ibada, kabla ya chakula, wakati kila mtu ana moyo mwepesi. Nilifanya mazoezi bandani. Nilikuwa nikimkatia ng'ombe migomba huku nikimweleza kuwa Mwanza si mbali, kuwa nitatuma cha kumlipa mtu wa kukata majani, kuwa mama anaweza kuja kunitembelea. Ng'ombe wetu yule, tangu aletwe akiwa ndama, hajawahi kutoka bandani. Kwetu mashamba ni madogo, ng'ombe hachungwi, analetewa. Alinisikiliza akitafuna, na nikaona hoja zangu zinasimama.

Kaka mkubwa alinunua beberu mnadani Ngaramtoni, mnyama mkubwa, akampandisha kwenye gari akijisifu njia nzima. Tulirudi kutoka kanisani tukamchinja. Kwetu mbuzi hagawiwi hovyo. Kila kipande kina mwenyewe: kuna cha mama, kuna cha wakwe, kuna cha waliochinja, na kidari ni cha mwenye nyumba. Baba alipokuwa hai, kidari kilikuwa chake, na sisi watoto tulikuwa tukikikodolea macho tukijua hatutapewa. Baada ya yeye kufariki, baba mkubwa alikuwa akikipokea kwa niaba, kila mwaka, bila mtu kusema lolote.

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi chini ya ukuta wa jiko, nikiyapanga maneno yangu kichwani. Baba mkubwa, nikasema kimoyomoyo, shikamoo, kaka zangu, dada yangu, mama, nina jambo. Kaka mkubwa akaja na sinia. Nilikuwa sijala tangu asubuhi. Akanikabidhi kipande kwa mikono miwili, nami nikakipokea kwa mikono miwili, kwa adabu, huku macho yangu yakimtafuta mama ili nianze. Nikauma.

Nilipotafuna ndipo nilipoona watu wamenyamaza. Nikatazama mkononi. Kilikuwa kidari.

"Haya," akasema baba mkubwa, na akasimama kwa fimbo yake. "Mimi nilikuwa nashika tu. Sasa nyumba imepata mwenyewe. Tumshukuru Mungu."

Akaomba. Aliomba kwa muda mrefu, akamtaja baba, akataja migomba na ng'ombe, akaomba mke mwema aje upesi, na watu wote wakaitikia amina. Wanawake wakapiga vigelegele. Kaka wa pili alinipiga begani akaniambia, "Mdogo wangu, sasa umekuwa mzee." Mtu aliyeomba kula kidari cha baba yake hawezi kufuta mdomo akatangaza anahamia Mwanza. Mtu aliyekila bila kuangalia hawezi pia. Nilikimaliza chote. Nyama ilikuwa tamu, na hilo lilizidi kuniudhi.

Mama hakupiga kigelegele. Niliona hivyo, nikadhani amechoka.

Waliondoka mmoja mmoja. Siku ya mwisho kabla ya mwaka mpya nilipiga simu Mwanza nikawaambia siji, nina majukumu ya kifamilia. Mama aliyepokea simu alisema anaelewa. Nilitamani asielewe, anibembeleze hata kidogo.

Darasa lilipofunguliwa niliikuta keep ubaoni palepale nilipoiacha kabla ya likizo, hakuna aliyefuta. Niliifuta mwenyewe. Yule mama wa Sokon One akauliza kama tumekimaliza hicho kitenzi, nikamjibu kwamba hakimaliziki.

Ilikuwa asubuhi moja ya Januari, tuko bandani wawili, mimi na mama. Yeye amekaa kwenye kigoda, anakatakata mgomba kwa panga, vipande vinaangukia kwenye karai. Akaniuliza bila kuinua kichwa, kama mtu anayeuliza habari ya chumvi.

"Baba, siku ile ya Krismasi hukuwa na neno?"

"Neno gani?"

"Nilikuwa nakusikia ukimfundisha huyu ng'ombe. Mwanza, Mwanza, kila asubuhi."

Nilicheka, kisha nikashindwa kucheka. Nikamweleza yote: chuo, nyumba, jibu nililowapa. Nilimwambia nimebaki kwa ajili yake, na nilipolisema hilo nilisikia sauti yangu ikidai shukrani. Aliacha kukata. Akafuta panga kwenye kitenge chake, upande huu, upande ule.

"Dada yako alishanitengea chumba Dodoma," akasema. "Huko kuna jua, magoti haya yanapona. Nguo zangu zilikuwa ndani ya begi tangu wiki ile ya kabla ya Krismasi. Nilikuwa nasubiri wewe useme unakwenda, ili na mimi niseme."

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Nimwache mtoto peke yake mlimani, hana mke, nikaote jua? Nilikaa kwa sababu yako."

Nikamwambia bado tunaweza. Nitawapigia tena Mwanza, yeye atakwenda kwa dada, jambo litakwisha. Aliniangalia kwa huruma, na huruma ile iliniumiza kuliko kama angenitukana.

"Umekula mbele yao wote," akasema. "Baba yako mkubwa ameomba. Sasa nikitoka na begi, watasema mwenye nyumba amemfukuza mama yake. Ukitoka wewe, watasema umenitupa. Ungesema kabla ya kula, baba."

Nilikaa chini kwenye majani. Mwalimu wa lugha, miaka yote hii, na nilikuwa nimefungwa na mdomo uliojaa nyama. Ng'ombe alinyoosha shingo juu ya mbao akitaka chakula chake. Mama akashika tena panga, akaanza kukata taratibu. Kisha akaniambia jambo lingine, kwa sauti ya kawaida kabisa, huku akionyesha kwa kidevu upande wa jikoni.

"Na leo ukirudi upitie dukani uchukue misumari," akasema. "Paa la kwako linavuja."