Diski Mbili Nilizoziunganisha

Shule niliacha darasa la tatu, na sababu ilikuwa ng'ombe, lakini hiyo ni hadithi ingine. Nasema tu ili ujue kwamba anayekueleza habari za kompyuta hapa hakusomea kompyuta. Mimi nilikuwa mtu wa video. Kwa miaka mingi nilipiga video za harusi hapa Eldoret, na mazishi pia, kwa sababu maiti hailalamiki kwamba umeifanya nene. Nilipiga kwa daktari mmoja mtaa wa matajiri wa Elgon View, ambako mbwa alivalishwa tai, na nikapiga vijijini ambako keki ilikuja kwa wilbaro. Kuna siku nilibebwa nyuma ya pikapu kule Kaptagat nikipiga wanariadha wakifanya mazoezi. Nilitapika mimi niliyebebwa, wao waliokuwa wanakimbia wakaniuliza kama nataka maji.

Kanda zangu zilishikwa na ukungu. Hii baridi yetu haipendi kanda. Kwa hivyo nilizihamisha zote kwenye kompyuta, na kanda zenyewe nikazitupa kwenye shimo la takataka. Nilifurahi kupata nafasi kwenye kabati.

Halafu ukaja uchaguzi ule wa mwisho wa elfu mbili na saba, na yale yaliyofuata, vijana wa Kikalenjin wakiwafukuza Wakikuyu. Mimi ni Mluhya, hawakunitafuta sana, lakini uoga haungoji utafutwe. Nilikuwa na diski mbili. Nikakaa chini nikagawa kazi yangu ya miaka yote: harusi za Wakalenjin diski hii, harusi za Wakikuyu diski ile. Ile ya pili nikaizika ndani ya debe la mahindi. Ya kwanza nikaiacha kwenye mashine.

Vijana wakaja mchana, baada ya chakula. Waliuliza mimi ni nani, na ndani ya hiyo kompyuta kuna nini. Nikawawekea harusi moja ya huko kwao. Mmoja akamwona shangazi yake akicheza, akacheka mpaka akaegemeza upinde wake kwenye kochi langu ili ajishike mbavu. Wakatazama mpaka keki ikakatwa. Wakaniambia asante Mzee, wakaenda zao, na moshi ulikuwa unaonekana nyuma ya nyumba za jirani. Nilijiona mjanja siku hiyo. Sijui kama ni neno zuri.

Sasa kuna mama mmoja, Mkikuyu. Harusi yake niliipiga mimi, kanisani, miaka kadhaa kabla ya fujo. Walikuwa na shamba nje ya mji. Siku zile walipokimbia, mume alirudi kufungulia ng'ombe na akauawa huko. Nyumba ikachomwa na albamu zote ndani, na kitambulisho cha mume kilikuwa kwenye koti alilokufa nalo. Mama akaishi kwenye hema uwanja wa maonyesho na mtoto mchanga wa kike, baadaye akapata kibanda cha mboga sokoni. Hakuwa na picha ya mume wake hata moja.

Akanijia uchaguzi mwingine ukikaribia. Watu kama yeye walikuwa wameanza kufunga mizigo polepole, na kaka yake huko Nyandarua alikuwa amempa chumba. Akasema amesikia bado nina harusi yao. Nikamwambia ninayo. Akasema anataka msichana amwone baba yake kabla hawajahama.

Hapa ndipo ninapojilaumu. Ningeingia ndani nikaiwasha ile kompyuta kuukuu, na angeona siku hiyo hiyo, amesimama na kikapu chake. Lakini nilikuwa nimenunua tivi bapa, kubwa, na spika za kuzunguka chumba. Nikataka aone vizuri. Nikamwambia, "Mama, nipe wiki tatu. Natengeneza mashine mpya."

Mashine yenyewe ilikuwa ya kazi mbili, kuweka na kuonyesha. Nilimpelekea fundi wangu, Msomali mwenye duka la simu na kompyuta karibu na stendi. Akaniambia vyuma si shida, shida ni nitachagua OS gani. Hiyo OS ni ile roho inayotiwa ndani ya kompyuta ili ijue kwamba ni kompyuta. Nilidhani roho ni moja. Kumbe ziko nyingi, na kila moja ina watu wake wa kuigombania.

Iko ile ambayo kila mtu anayo, ya kununua, ila mjini wengi wanatumia ya wizi. Iko ya bure ya kuonyesha sinema tu, unakaa kwenye kochi na rimoti kama mfalme. Na iko nyingine ya bure iliyotengenezwa kwa kuweka vitu, ambayo pia inaweza kulazimishwa kuonyesha. Nilienda dukani kwake karibu kila siku. Alinipa chai ya maziwa ya ngamia, ambayo mimi siipendi, nikainywa.

"Mzee," akaniambia, "unataka ng'ombe mmoja akupe maziwa na avute jembe."

Nikamwuliza hiyo ya kuweka ina nini zaidi. Akasema inaweza kushika diski kadhaa ikazifanya kama moja. Zinaweza kuunganishwa kwa kunakiliana, kila moja ikibeba kila kitu, lakini hapo zangu zingejaa na ningehitaji kubwa zaidi. Au zinaweza kuunganishwa kwa kugawana, kila harusi imekatwa vipande, nusu huku, nusu kule, na nafasi inabaki nyingi. Yeye alipendelea niache kila diski peke yake kama zilivyokuwa.

Sasa sikia mawazo ya mtu mjinga. Ile migawanyo ilikuwa inaniuma. Kila nikiketi kwenye kompyuta nakumbuka diski mbili, Wakikuyu huku, Wakalenjin kule, na aliyewatenganisha ni mimi kwa mikono yangu. Aliposema vipande huku na vipande kule, nilisikia raha moyoni. Nikamwambia unganisha hivyo, wagawane.

Akaweka kikombe chini. "Mzee, diski haina kabila. Ukiziunganisha hivi, moja ikifa zote zimekufa."

"Hata sisi ni hivyo hivyo," nikamwambia.

Nadhani alinionea haya kunibishia, na duka lilikuwa na watu waliosikia na kutikisa vichwa kwamba Mzee amesema kweli. Akahamisha vitu vyangu kwenye diski ya duka kwa muda, akaunganisha zangu, akavirudisha. Ile ya duka akaifuta akaiuza. Mashine ikawaka. Niliona picha za harusi zimepangana kwenye tivi, kofia za huku na leso za kule, na nilikaa kuzitazama kama mtu aliyefanya kazi kubwa.

Ikafanya kazi siku tisa. Siku ya kumi ikatoa sauti, kama mtu anayekwaruza sufuria kwa ukucha. Fundi alikuja nyumbani, akasikiliza, akazima. Iliyokufa ni ile iliyokuwa kwenye mashine miaka yote. Ile niliyoificha kwenye mahindi, iliyokuwa na harusi ya mama, ilikuwa nzima kabisa, mpaka leo ni nzima. Lakini ndani yake hakuna harusi, kuna nusu nusu ambazo hazijui ziliko nusu zingine. Fundi alizifunga diski zote mbili kwa gazeti, akazipeleka kwa wataalamu Nairobi, wakashindwa. Zilirudi zimefungwa kwa gazeti lile lile.

Mama alikuja Jumapili baada ya kanisa, kama tulivyopatana. Sikuwa nimepata ujasiri wa kumwendea sokoni. Alikuwa amemvalisha msichana soksi nyeupe. Wakakaa mbele ya tivi. Nikamweleza kila kitu, mpaka neno nililomwambia fundi. Hakunigombeza. Msichana akauliza kama inaanza sasa, mama akamwambia anywe chai.

Kisha akanigeukia. "Lakini wewe ulikuwepo. Ulimtazama siku nzima. Hebu mwambie alikuwaje."

Sasa mimi, ambaye watu huniambia nyamaza Mzee, nilitafuta cha kusema. Nilikumbuka wilbaro ya keki, na hata hiyo sina hakika kama ilikuwa ya kwao. Harusi nyingi, makoti mengi. Nikamwambia msichana kwamba baba yake alikuwa mrefu, na alicheka sana siku ile.

Mama alitazama sakafu.

"Hakuwa mrefu," akasema.

Wakamaliza chai, wakashukuru. Wiki iliyofuata kibanda chake kilikuwa na mtu mwingine, anauza vitunguu.