Aliyekuwa Mama Dorine

Kwetu mama huitwa kwa jina la kifungua mimba wake. Kwa hiyo Akello alipohamia ploti yetu ya nyumba za kupanga huko Murera, alikuwa Mama Dorine, na huyo Dorine alitembea kifua mbele kana kwamba cheo ni chake.

Kisha mdogo wake Dorine, Oluoch, akapatikana na saratani ya damu. Tangu hapo Akello alishinda wodini Thika. Manesi wakamwita Mama Oluoch, kanisa likamwombea Mama Oluoch, na majirani zangu, ambao hawajui kufikiri mara mbili, wakafuata mkumbo. Mimi nilikataa, lakini kidole kimoja hakivunji chawa.

Dorine hakulalamika. Alipika, alifua, alijifungia mlango akalala peke yake. Watu wakamsifu: "Huyu ni mtu mzima." Mtoto wa darasa la sita! Nilikuwa natamani kuwazaba makofi. Siku moja alinisaidia kukata mboga za sukuma, akaniambia mimi bibi wa jirani, "Shosho, siku ya wazazi mum amesema atakuja. Wananipea zawadi ya hesabu, na ni mzazi anaitwa mbele kukupatia." Wiki nzima hakuzungumza lingine.

Akello akaja kweli, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Aliketi mbele, simu mkononi, kwa maana Oluoch alikuwa ameamka na homa. Mimi nilikuwa viti vya nyuma kwa ajili ya mjukuu wangu.

Mwalimu Kang'ethe akaita, "Mama Dorine, karibu hapa mbele."

Hakuna aliyesimama. Akaita tena. Wazazi wakaanza kugeuza shingo kumtafuta huyo mama. Akello naye akageuka, akamtafuta pamoja nao.

Dorine alikuwa amesimama kando ya meza ya zawadi pale jukwaani, akiona yote. Nikainuka nimpigie Akello kelele, lakini mtoto alinitangulia. Alimvuta mwalimu shati, akamnong'onezea.

"Samahani," mwalimu akasema. "Mama Oluoch?"

Akello aliruka kutoka kitini, simu ikaanguka. "Oluoch amepatwa na nini? Hospitali wamepiga simu? Mwalimu, niambie, mtoto wangu amepatwa na nini?"

Dorine akashuka, akaiokota simu, akamshika mamake mkono.

"Hakuna kitu, mum," akasema. "Ni mimi tu."