Kigoda cha Mpingo

Demetria alikuwa msimamizi wa chumba cha kutoboa kadi katika shirika moja la umma, enzi zile kompyuta moja ilijaza ukumbi mzima na kula kadi zenye matundu kama mbuzi alaye maganda. Kati ya wasichana wake, hakuna aliyemfikia Zuena kwa kasi. Alikuwa jirani yake huko Temeke, na kazi alifundishwa na Demetria mwenyewe. Chumba kilisifiwa kwa vidole vya Zuena, na sifa, tuseme ukweli, alizila Demetria.

Siku moja mkuu wao, Ndugu Adelard, akamwita. Imepatikana nafasi ya mtu mmoja kusomea kuandika programu, na safari hii wanamtaka mwanamke, maana kule kwenye mashine wamejaa wanaume watupu. Je, Zuena anafaa?

Demetria alikiwazia chumba chake bila Zuena, akaingiwa na hofu.

“Yule ana mtoto mchanga,” alisema. “Na mumewe ni mtu wa Kusini, mshika dini. Hawezi kumruhusu.”

Hakuwa amemuuliza Zuena wala mumewe. Kwa kuwa hakutajwa mwanamke mwingine, nafasi akapewa Fransis wa stoo, aanze masomo Jumatatu.

Jumapili, alipotoka kanisani, Demetria aliwakuta Zuena na mumewe Jabiri wanamngoja barazani kwake, mtoto kalala kifuani kwa baba. Jabiri alikuwa mchonga vinyago. Akaweka chini kigoda cha mpingo, kimesuguliwa hadi kinang'aa, akasema ni shukrani kwa aliyemfundisha mke wake kazi.

“Na wakitaka kumsomesha zaidi, dada, mie sina neno,” akaongeza. “Nachongea nyumbani. Mtoto nitakaa naye.”

Uso ulimwaka Demetria kwa aibu. Maji yalikuwa bado hayajamwagika: mkuu alikuwa mtu wa kusikia, na Jumatatu ilikuwa kesho. Neno moja tu lingetosha.

“Kwani dada,” Zuena akauliza, “kule kwenye mashine hawatafuti wanawake?”

“Hawajasema.”

“Basi siku wakisema, unitaje.”

Akaahidi kumtaja. Walipoondoka alikichukua kigoda akakisukumia mvunguni, na hakuthubutu kukikalia hata mara moja. Wageni wakizidi, aliazima kiti kwa jirani, na jirani mwenyewe ni Zuena.