Zamu ya Futari na Lugha Isiyofuta

Shoga yangu, kaa hapa nikwambie, maana wewe nakuamini na najua hutacheka kabla sijamaliza. Hapa Chaani watu wananijua kwa cherehani. Nashona buibui, nashona sare za shule, na Ramadhani ikikaribia kwisha nashona mpaka vidole vinakufa ganzi. Kwamba naandika programu za kompyuta, wanaojua ni wachache, na hao wachache nusu yao hawaamini mpaka niwafungulie laptop wajionee.

Kidato cha nne nilikimaliza kwa masomo ya jioni, nikiwa na watoto wanne. Nilipofaulu, alhamdulillahi, nikaona miguu imeshazoea njia, nikaendelea. Kuna ukumbi hapa Changamwe unaofundisha kompyuta jioni. Mwalimu wetu alikuwa msichana wa bara, umri wa binti yangu mkubwa, na siku ya kwanza aliniambia hivi:

"Mathe, hii lugha tutasoma haina kufuta."

Nikamwambia, "Kwanza mimi si mathe, mimi ni mama. Pili, kama haina kufuta, mtu akikosea je?"

"Ukikosea unatengeneza kingine, mama. Cha kwanza kinabaki vile kilivyo."

Wenzangu darasani walilalamika, wengi wao walikuwa wamezoea lugha nyingine za kompyuta. Huko ukiwa na orodha unaingia ndani yake, unatoa jina hili, unaweka lile, na ya zamani imepotea. Katika hii yetu orodha ukishaiandika imeandikwa. Unaipeleka kwenye fanksheni, yaani kama kimashine kidogo, huku unatia orodha na kule inatoka orodha mpya. Ukitia kitu kilekile mara mia, kitatoka kilekile mara mia.

Mimi haikunipa tabu. Fundi wa nguo ana karatasi yake ya kukatia. Unailaza juu ya kitambaa, unachora, unakata kitambaa. Karatasi huikati. Mteja akitaka mkono mrefu zaidi unachora karatasi nyingine, ile ya kwanza unaitundika msumarini. Kwa hiyo nilipoanza kuandika mambo yangu madogo, mita ngapi za kitambaa kwa sare za darasa zima, nani kifua kipana nani mfupi, yalikuja vizuri. Mwalimu akawa ananiita mbele niwaonyeshe wenzangu, na mimi nikawa naenda bila kuvuta miguu.

Sasa sikiliza hili. Msikiti wetu uko karibu na barabara ya malori. Ramadhani hufuturu pale madereva, makuli, walinzi, watu waliofunga mbali na majumbani kwao. Nyumba thelathini tumegawana siku: kila nyumba ina zamu yake ya kupeleka futari. Zamu hizo alizishika mwenyekiti wetu wa kina mama kwa miaka mingi, daftari, penseli na raba. Mtu akitaka kubadilishana siku na mwenzake, wanakubaliana, mwenyekiti anafuta, anaandika. Karatasi za daftari lile zilikuwa zimetoboka kwa kufutwa.

Mwezi wa Shaaban, asubuhi, nikasikia hodi. Ni bibi jirani yangu, mjane, anaishi peke yake nyumba ya pili kutoka kwangu. Moyo wake ulikuwa umeanza kumsumbua, alikuwa akipanda ngazi yangu moja anapumzika.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Sikuja kushona yeo. Nasikia mwenyekiti amekupa daftari."

Ni kweli, macho ya mwenyekiti yalikuwa yamechoka, akanikabidhi mimi.

"Mwaka juzi zamu yangu ilikuwa siku ya thelathini," akasema. "Mihogo nimeshaimenya, nazi nimeshakuna, mwezi ukaandama ishirini na tisa. Mwaka jana nikapata thelathini tena. Mwezi ukaandama ishirini na tisa tena. Paka wangu wamekula mihogo ya nazi mpaka wamenenepa." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Thawabu ya kumfuturisha aliyefunga sote twaijua. Mwanangu, mimi mwakani sijui kama nitakuwapo. Mwaka huu nataka chakula changu kiliwe na watu."

Nikamwambia, "Bibi, mwaka huu utapika. Nakuahidi, inshallah."

Ahadi ni deni, na mimi sikuitoa ovyo. Niliketi na laptop nikaandika programu ya zamu. Nikatia kanuni: aliyekosa mwaka jana atangulie kupata siku za mwanzo. Bibi akaangukia siku ya saba. Mwenyekiti, kwa heshima yake, alisema yeye aandikwe ya mwisho, thelathini. Nikapiga chapa, nikabandika ukutani upande wa wanawake.

Kina mama walinitania wewe!

"Fundi, hiyo kompyuta yako inajua kuonja chumvi?"

"Iulize kama itatusaidia kukuna nazi!"

Nikawaambia, "Chekeni tu. Anayetaka kubadilishana siku aandike kikaratasi, siku yake na siku ya mwenzake, atie ndani ya mkebe huu." Mkebe wa maziwa ya unga, nikauweka dirishani.

Wiki mbili baadaye mkebe ulikuwa na vikaratasi saba, kwa mpangilio wa kutiwa, maana kila kimoja nilikipa namba siku kilipotiwa. Saba kwa kumi na nane. Kumi na nane kwa ishirini na tano. Ishirini na tano kwa thelathini. Na vingine vinne. Tarakimu tupu, hakuna jina. Nikavipitisha vyote kwenye fanksheni niliyoiita badilisha, nikapiga chapa orodha mpya. Kitu cha kwanza nilimtafuta bibi. Yuko siku ya saba. Nikaridhika, nikabandika.

Kesho yake baada ya darsa la kina mama msikitini nikazungukwa.

"Fundi, mimi nimebadilishana na huyu, mbona niko palepale?"

"Na mimi!"

"Sisi wawili tu ndio tumebadilishwa," akasema mke wa muuza nyama, na hicho kilikuwa kikaratasi cha saba, cha mwisho.

Mwenyekiti akafungua mkoba wake polepole, akatoa raba. Akaiweka kwenye kiganja changu. Wote wakaangua kicheko, na mimi nikacheka nao, ningefanyaje? Lakini raba nilimrudishia.

Jioni nilimwonyesha mwalimu. Hakuchukua hata dakika.

"Mama, wewe si fundi? Umechukua karatasi moja ukakata vitambaa saba, kila kimoja na badiliko lake. Halafu ukashona cha mwisho peke yake."

Nikajipiga kipaji cha uso. Wallahi ndivyo nilivyofanya. Kila kikaratasi nilikipa orodha ya kwanza. Nilijua kwa mdomo kwamba orodha haibadiliki, lakini mkono wangu bado ulikuwa na mazoea ya daftari, nikadhani nikishabadilisha imeshabadilika. Kilichotakiwa ni orodha iliyotoka kwenye kikaratasi cha kwanza iingie cha pili, iliyotoka cha pili iingie cha tatu, mkono kwa mkono, kama tunavyopokezana masinia kutoka jikoni mpaka mlangoni. Lugha ile ina njia yake ya kufanya hivyo kwa mstari mmoja. Nikauandika. Nikaendesha.

Safari hii vyote saba vilikuwa sawa. Na bibi alikuwa siku ya thelathini.

Nikadhani nimekosea tena. Nikaendesha upya, ikatoka vilevile. Sasa hapa ndipo nilipoishukuru lugha isiyofuta. Orodha zote nane zilikuwepo, ya kwanza na saba zilizofuata, nikazipanga moja baada ya moja nikazisoma. Orodha ya pili: bibi amehama kutoka saba kwenda kumi na nane. Ya tatu: kutoka kumi na nane kwenda ishirini na tano. Ya nne: kutoka ishirini na tano kwenda thelathini. Watu watatu mbalimbali, kila mmoja amemwendea mlangoni mwake kivyake, na wa tatu alikuwa mwenyekiti.

Nikaenda kwa bibi asubuhi. Alikuwa anachambua mchele.

"Bibi, mbona umewapa siku yako?"

"Yule wa kwanza alikuja na mtoto mgongoni, mumewe yuasafiri. Nimwambie la? Wa pili ana mgonjwa. Mwenyekiti ataka kwenda Kisauni kwa mamake kabla ya Idi. Mtu amekuja kwako amesema naomba, amekaa kwenye mkeka wako. Utamfukuza?"

"Na mwaka jana?"

Akapepeta mchele wake. "Mwaka jana vilevile."

Miaka miwili sote tulikuwa tunausema mwezi. Kumbe ni sisi. Kila mmoja aliomba mara moja tu, jambo dogo, na raba ikafuta, na hakuna aliyemwona bibi akisukumwa mpaka ukingoni. Sikumlaumu mtu. Hata mimi, mwaka juzi, niliwahi kumwomba anibadilishie.

Ningeweza kurudisha orodha ya kwanza, ilikuwepo. Lakini bibi alishatoa neno lake kwa watu watatu, na asingekubali kulirudisha. Kwa hiyo nikaiacha orodha, nikaikabili siku yenyewe ya thelathini.

Katika lugha ile kuna kitu kinaitwa huenda, mimi hivyo ndivyo nakiita. Ni kama kijaluba kilichofunikwa: huenda ndani mna kitu, huenda hamna. Na lugha haikuachi uendelee mpaka uijibu: kikiwa kitupu, utafanya nini? Ukisema huna jibu, inakataa kuendesha. Nikaandika siku ishirini na tisa kama siku za hakika, na ya thelathini nikaitia ndani ya huenda. Papo hapo programu ikagoma. Ikanionyesha mstari: nyumba moja imepewa siku ya huenda, na hujasema siku ikikosekana nyumba hiyo iende wapi. Miaka yote daftari halikutuuliza swali hilo.

Jibu nililiandika hivi: kila nyumba lazima iwe na siku ya hakika. Nyumba ni thelathini, siku za hakika ishirini na tisa, basi siku moja itakuwa na nyumba mbili. Na thelathini ikija tutapika sote, kila mtu chungu kidogo. Kilichobaki ni siku ya nani iongezwe mtu, na hilo kompyuta haiwezi kuamua.

Nikalipeleka kwenye darsa. Nilibandika orodha zote nane ukutani, nikazungushia nyumba ya bibi kwa kalamu nyekundu. Kina mama wakasogea. Wakaifuata kalamu, saba, kumi na nane, ishirini na tano, thelathini. Hakuna aliyetania siku hiyo.

Mwenyekiti aliweka kidole kwenye ile orodha ya nne, pale alipobadilishana na bibi. Halafu akasema, "Ishirini na tano ni yetu wawili. Na mimi nitakuwa mkono wake wa jikoni, atakalonituma nitafanya."

Bibi alikuwa ameketi nyuma. "Mihogo yangu haiguswi na mtu," akasema. "Wewe pika uji."

"Abee, bibi," mwenyekiti akajibu, na kina mama wote wakacheka.

Siku ya ishirini na tano nilikwenda kuwabebea sufuria. Bibi amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi mwenyewe, anapumzika, anakuna tena. Mwenyekiti anakoroga uji huku akiambiwa pilipili manga haijatosha. Alasiri tukapeleka: mihogo ya nazi, uji, tende, na kaimati alizoleta yule mwenye mtoto mgongoni bila kuombwa. Baada ya adhana, bibi alisimama mlangoni upande wetu akawa anachungulia. Dereva mmoja wa lori, mtu mrefu, alirudi kuomba mihogo mara ya tatu. Bibi akanifinya mkono.

"Umemwona yule?"

"Nimemwona, bibi."

"Mara ya tatu hiyo."

Sufuria ilirudi tupu, imekombwa.

Siku nne baadaye tukasikia mwezi umeandama. Ishirini na tisa. Nilitoka barazani, bibi naye alikuwa ametoka, tukatazamana. "Idi njema, mwanangu," akasema. "Mwaka huu mwezi na uandame upendavyo."

Mwaka uliofuata zamu tulizipanga kwa programu ileile, na raba ya mwenyekiti sijaiona tena. Bibi bado yuko, Mungu amzidishie.

Basi shoga yangu, nina ombi moja. Kila mtaa una anayeshika daftari la zamu, iwe ya futari, ya kufagia msikiti, au ya kumkesha mgonjwa. Mfikishie habari hii. Mwambie atafute jina la yule asiyejua kusema la, aone amesukumwa mpaka wapi. Na kama yeye ni mama wa makamo anayeogopa kuingia darasa la jioni, mwambie mimi nimeingia.