Bi Pua asubiri harufu ya chai irudi

Saa moja na robo asubuhi. Mvuke umejaa chumba cha chai ya kijani mpaka taa zinaonekana kwa shida. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili, kilemba kimelowa chapachapa, anachota majani yanayotoka kwenye mashine ya mvuke, anayabana kiganjani, kisha anayaachia. Yakibaki yameshikana, yameiva. Yakifumuka, yanarudi.

Kiwanda kizima kinamwita Bi Pua. Zamani lilikuwa jina la sifa. Siku hizi wenzake wakilitamka wanajiuma ulimi, naye huwawahi: "Niiteni tu jamani. Pua ninayo, ila haifanyi kazi."

Miaka kumi na tisa alifanya kazi upande wa pili wa ukuta, kwenye chai nyeusi. Wengi hudhani chai nyeusi na ya kijani ni mimea miwili. Hata kidogo! Mche ni uleule, hata kapu lililoleta majani huweza kuwa lilelile. Kinachotofautisha ni yanayotendeka baada ya kuchuma. Majani yakiwahiwa na mvuke, hubaki kijani. Vichipukizi vikinyaushwa na kukaushwa bila kusagwa, hiyo ni chai nyeupe. Yakinyaushwa, yakasagwa, yakatandazwa yapigwe na hewa, hugeuka rangi ya shaba, na yakikaushwa huwa meusi.

"Pale kwenye kutandaza ndipo penye kazi," anasema. "Mwanzo yananuka nyasi. Baadaye yananukia kama tunda lililoiva. Hapo hapo uyaingize kwenye kikaushio. Ukichelewa, umeyaua."

Saa ya ukutani haisaidii sana, maana siku ya mvua na siku ya jua hazilingani. Kazi yake ilikuwa kuinama, kunusa, na kusema neno moja: "Tayari."

Miezi minane iliyopita alishikwa na mafua makali. Yalipoondoka, yaliondoka na harufu zote. Naye akanyamaza. Siku tisa aliinama juu ya majani akijifanya ananusa, kumbe anakisia. Siku ya kumi alikisia vibaya. Kilo mia sita zikatoka chai iliyopooza, isiyo na ukali wala ladha.

Msimamizi hakumshuku hata kidogo. Pua ile ikosee? Alimgeukia fundi wa kikaushio, baba wa watoto wanne, akamwambia ameunguza chai, akusanye vitu vyake aende.

Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hapa aliyekuwa anaumbuka ni mtu mwingine kabisa.

"Nilimwona anavua ovaroli," anasema Bi Pua. "Nikajiuliza, dhambi hii nitalala nayo vipi? Nikasema mbele ya wote: huyu kaka hana kosa. Mimi sinusi kitu."

Fundi alirudishwa kazini siku hiyohiyo. "Nilimkasirikia, nisikufiche," anasema. "Wiki nzima sikumjibu salamu. Lakini niambie, wangapi wangesema?"

Bi Pua alihamishiwa kwenye chai ya kijani, ambako mkono unatosha. Posho yake ya kunusa, karibu robo ya mshahara, ikakatwa. Daktari alimwambia harufu huenda ikarudi ndani ya mwaka, na huenda isirudi. Mwaka ukitimia bila harufu kurudi, nafasi yake kwenye chai nyeusi itachukuliwa moja kwa moja.

Anayeishikilia kwa sasa ni mwanamke ambaye Bi Pua mwenyewe ndiye aliyemfundisha. Kila jioni Bi Pua hupita kwake kabla ya kwenda nyumbani, naye humsogezea konzi ya majani yaliyoiva.

"Vipi, dada?"

"Kimya, mdogo wangu. Tuone kesho."

Anapoulizwa atafanya nini ikiwa kesho hiyo haitafika, anafuta mikono kwenye aproni, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Kazi nikiikosa nitalia, nitanyamaza," anasema. "Lakini binti yangu amejifungua mwezi uliopita, mjukuu wangu wa kwanza. Kila anayembeba anamnusa shingoni, anafumba macho. Na mimi namnusa hivyohivyo, nafumba macho, sipati kitu. Mungu akinijalia nimnuse mara moja tu, hata kama ni siku amechafua nepi, nitapiga vigelegele mpaka mashine zizimwe."