Panya Wajawazito Niliowapeleka Handeni

Niliondoka Korogwe kwa sababu panya weupe wa maabara yetu walikuwa wanakufa. Ugonjwa wa mapafu ulikuwa umeingia kwenye matundu yao, na kila mtoto aliyezaliwa aliupata kwa mama yake. Daktari, mkubwa wetu, aliona njia moja tu: tuzitoe mimba changa za panya weupe, tuziweke ndani ya panya weusi wazima, watoto wazaliwe humo na wakalelewe Handeni, mbali na ugonjwa.

Mimi ndiye niliyeshika mrija. Hatukumpasua jike mweusi yeyote. Mrija mwembamba kama unyasi ulipita njia ya uzazi hadi kwenye mji wa mimba, ukaacha tone lenye mimba zile, na panya akarudi kula pumba zake. Kabla ya hapo kila jike mweusi alikuwa amekutanishwa na dume aliyefungwa uzazi, ili mwili wake uamini kwamba tayari una mimba.

Gari la ofisi lilikosa petroli hadi wale majike wakakaribia kuzaa. Mwisho nilipanda basi, tundu nimelitia kwenye kikapu na kulifunika khanga. Mama niliyekaa naye alisema vifaranga wangu wametulia sana. Sikumsahihisha.

Tulipofika Sindeni springi ya basi ilikatika. Dereva alituambia tutafute pa kulala, nami nikapelekwa kwa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mhina. Nilimpa shikamoo, akaitikia, kisha akauliza kikapuni mna nini. Nikasema ukweli.

Nilikuwa nimefika siku mbaya. Panya walikuwa wamelila ghala la mahindi ya shamba la ujamaa, na kila kaya ilitakiwa kuleta mikia ya panya iliowaua. Bwana shamba wa wilaya angekuja kesho yake kuikagua, na mikia haikutosha.

Mzee Mhina aliinua khanga, akawahesabu. "Mwanangu," akasema kwa upole, "nipe mikia tu. Panya wenyewe endelea nao."

Nikamweleza kwamba hawa ni wa serikali na wana mimba za wenzao. Ilibidi nieleze yote, mrija na dume yule, mbele ya wanakijiji waliokuwa wanazidi kukusanyika. Wazee walitazama chini. Wanawake walisogea karibu. Mzee Mhina alimhurumia dume. Aliuliza kama anajua kwamba kazi yake haina matunda, nami nikasema sidhani. Kisha akaamua: kama watoto watakaozaliwa si wa mama mweusi, ninasema kweli na nitaondoka na mikia yote. Kama ni wake, basi ni panya kama panya wengine, na kijiji kina haki nao.

Kulipopambazuka jike mmoja alikuwa amezaa. Watu walikuja kutazama, wakavunjika moyo, maana watoto wa panya wote huzaliwa wekundu, hawana hata unywele. Mzee Mhina alikwisha kuchukua kisu. Niliomba kitu kimoja: waniletee watoto wachanga wa panya wa ghalani. Hao hawakukosekana.

Tukawaweka pamoja juu ya ungo. Wa ghalani walikuwa na madoa meusi chini ya ngozi, pale macho yatakapofunguka, kama walivyo watoto wa panya weusi. Wangu hawakuwa na doa lolote, kama watoto wa panya weupe wanavyokuwa. Ungo ulizungushwa mkono kwa mkono, na kila mtu akainama.

Mzee mmoja alipinga. Alisema kwa Wazigua mtoto hufuata ukoo wa mama, na mama ni aliyebeba. Mwingine akauliza yule mweupe wa Korogwe ni nani basi, shangazi? Walibishana hadi bwana shamba akafika, akasahau mikia, akabishana nao. Basi lilipotengenezwa niliondoka na panya wangu wote, na mikia yao.

Handeni walipokelewa vizuri. Nilikaa hadi watoto walipoota manyoya, meupe kama pamba, na hakuna aliyekohoa.

Wakati wa kurudi niliteremka Sindeni kuwaaga wenyeji. Bi Mwajuma, mke mkubwa wa Mzee Mhina, ndiye aliyenisindikiza barabarani. Naye alikuwa miongoni mwa wanawake waliosogea karibu siku ile. Alikuwa hajapata mtoto. Mke mwenzake alizaa karibu kila mwaka.

"Kwa watu mtaanza lini?" aliuliza.

Nikamwambia sijui. Sijasikia popote.

"Mwenzangu amechoka kuzaa," akasema. "Angenipa mmoja hata kesho, nimbebe mimi. Tumeshazungumza."

  Basi lilipotokea aliniinulia kikapu. "Wakubwa wako wakifika kwa watu," akasema, "waambie Sindeni yupo mmoja."

Nilirudi kwa njia ya Segera, na Korogwe daktari aliniuliza habari za panya. Nikamweleza zote. Kisha nikamwambia, Sindeni yupo mmoja. Alidhani nimesahau panya huko, akauliza ni mweusi au mweupe.