Pale Mdundo Unapokatika

Nilikuwa kwenye kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye simu, Masumbwe, wakati unapigwa ule wimbo wa R&B unaochezwa kila harusi. Mama mmoja akamwambia muuzaji, "Huo mdundo ni nyundo yangu. Mwanangu alinirekodi nikiponda mawe ya dhahabu, akaimba juu yake."

Muuzaji akacheka. "Na pale unapokatika, tunaposimama wote katikati ya kucheza?"

"Pale nilikuwa nampandisha mdogo wake mgongoni, alikuwa anateleza." Akainama, akavuta kanga kutuonyesha alivyompandisha.

Muuzaji akavua kofia. "Shikamoo, mama."

Na mimi niliyedhani ni ufundi wa studio! Jumamosi, harusini, mdundo ulipokatika nilisimama kama wengine, nikimshukuru yule mama, nikisubiri mtoto akae vizuri.